Ndovu wa Nani

Jirani akiunguza pilipili mimi hukohoa, na mawazo yanarudi shambani kwetu Mraru, asubuhi ya sikukuu ya taifa. Tulikuwa tumechoma pilipili na mavi ya ndovu ili moshi uwafukuze, lakini mahindi walishayamaliza. Nilisimama kati ya mabua yaliyovunjika, yunifomu imepigwa pasi, nikikariri shairi la kusoma uwanjani Voi: "Ndovu wetu, fahari yetu."

"Wetu na nani?" nyanya akauliza, akiokota magunzi.

"Mama, usimchanganye mtoto," baba akasema. "Watu wanavuka bahari kuja kuwaona hawa. Hiyo si fahari?"

"Wakila shamba ni wetu. Tukiwagusa ni wa serikali."

Nikamtazama baba, nikamtazama nyanya. Wote wawili niliwaamini.

Uwanjani, bendera zikipepea, nilisema "Ndovu," na neno la pili likakataa kutoka. Watu walidhani nimesahau, wakanipigia makofi ya kunitia moyo. Baba aliinamisha kichwa. Nyanya, aliyebaki ameketi wimbo wa taifa ulipoimbwa, sasa alikuwa amesimama.