Ngazi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinunua ngazi ya alumini, na tangu siku hiyo roho yangu haikutulia. Nyepesi, ndefu, inang'aa hata ikiwa na vumbi. Yangu ni ya mbao, nzito, mguu mmoja nimeufunga kwa kitambaa. Upakaji rangi nilimfundisha mimi, tangu kushika brashi. Sasa wateja wananipita mlangoni wakimuulizia "yule wa ngazi mpya". Niseme kweli: nilimwonea wivu mpaka chakula hakipiti.

Basi nikaisema ile ngazi. Kwa mwenye duka la mtaani kwetu nikasema itapinda. Kwa mama nikasema itamwangusha.

"Mwanangu," mama akacheka, "kinachokuuma si ngazi."

Mwenye duka akampa kazi ya kupaka ghorofa yenye duka lake, ile iliyo kando ya nyaya kubwa za umeme. Nikajifanya napita tu.

Alikuwa amemaliza upande mmoja. Akainyanyua ngazi ikiwa imesimama vilevile, akaanza kurudi nayo kinyumenyume, macho ukutani, akitafuta mahali alipopaka vibaya. Njia hiyo ni yangu. Nilimfundisha kwenye nyumba fupi zisizo na waya jirani: fundi hapotezi muda kulaza ngazi. Ncha ilikuwa inazifuata nyaya, na umeme ule hausubiri kuguswa. Alumini ikikaribia tu, unaruka.

"Laza ngazi! Waya!"

"Kaka, leo tena?" Hakugeuka. "Juzi inapinda, leo waya. Wivu utakuua!"

Mwenye duka na wateja wake wakaangua kicheko. Mdogo wangu akarudi hatua nyingine. Kumkimbilia nimshike ilikuwa kufa wawili. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza:

"Ndiyo, nakuonea wivu! Wewe ni fundi kunishinda! Laza ngazi, mdogo wangu!"

Akasimama. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia kutoka kwangu. Akageuka, akaona kidole changu kikionyesha nyaya, akatazama juu. Taratibu akairudisha ngazi ukutani.

Mwenye duka alisikia kila neno, na mdomo wake hauna mlango. Mteja akinitaja, humwambia, "Si mwenyewe alikiri anashindwa na mdogo wake?" Nakosa kazi, na bado inaniuma. Kisha nasikia mdogo wangu uani akiosha brashi huku anapiga mluzi, nami maneno yangu ya siku ile nayaacha yalivyo.