Sahani ya Peke Yake

Lengalenga huoshwa kabla ya kukatwa, si baada. Ukianza kukata, utamu wote huondoka na maji. Kaanga kitunguu kidogo, tia majani, geuza mara mbili, teremsha sufuria yakiwa bado ya kijani. Nimewafundisha hivyo majirani wengi na wote wamefaulu. Nilishindwa nyumbani kwangu.

Mume wangu ni fundi wa magari, gereji yake iko mtaa wa Asiatique. Daktari alipompima sukari alituambia nusu ya chakula chake iwe mboga, la sivyo macho yatakwenda. Nilikaribia kufurahi, kwa kuwa mboga naziweza.

Sisi hula sinia moja: yeye, watoto, mdogo wake na mimi. Kwenye sinia nusu haipimiki, mkono hufuata nyama. Basi nikamwekea sahani yake, lengalenga na bilinganya, samaki, wali kidogo pembeni. Niliipanga vizuri kweli.

Mdogo wake akaitazama. "Kaka, leo we ni mugeni hapa?" Kisha akajijibu mwenyewe: "Apana, si mugeni. Mutoto akiacha ziwa ndiyo anapewa kisahani."

Watoto wakacheka. Mume wangu akaisukuma sahani polepole.

"Mama watoto, mi sijafa. Usinitenge."

Nikamweleza. Sukari, damu, mishipa ya macho, yote kwa upole, mbele ya watu wote. Hata upole unaweza kumvunjia mtu heshima; sikulijua hilo.

Tangu kesho yake akawa anakula gerejini na mafundi wenzake, mishikaki na ndizi za kukaanga, mikono yote kwenye sinia moja. Jioni alisema ameshiba. Ilikuwa hivyo miaka mitatu.

Ningeweza kuijaza sinia mboga tukala sote. Ni jambo dogo hivyo. Lakini watoto wangenung'unika, na mimi sikutaka manung'uniko.

Sasa tunafanya hivyo. Watoto wananung'unika kidogo, kisha wanakula. Gereji anaiendesha mdogo wake. Mume wangu haoni ila mwanga wa mlangoni, kwa hiyo namshika mkono na kuuelekeza kwenye sinia.

"Hapa kuna nini?"

"Lengalenga."

Anakula yote, hata siku niliyozidisha chumvi. Zamani angenisema.