Kabichi za Waithira na Machicha ya Kaleli

Wifi yangu Waithira alikuwa mtu wa kukutoa jasho hata ukiwa umekaa kivulini. Alikuwa mjane wa kaka yangu, na tuliishi ukuta kwa ukuta katika kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau, nje kidogo ya Ruiru. Alikuwa ameokoka. Simaanishi kuokoka kwa Jumapili. Alikuwa mmoja wa wale ndugu waliokutana kila Alhamisi kusema makosa yao mbele ya wote, jambo waliloliita kutembea nuruni. Akimtukana kuku Jumatatu, kuku huyo tungemsikia Alhamisi.

Kanisa lilikuwa na ardhi kando ya mto, likawagawia wajane vishamba. Sharti lilikuwa moja: Jumapili ya Mavuno kila mjane alete mbele ya madhabahu kitu alichovuna hapo. Asiyeleta, kishamba anapewa mwingine, na wajane miaka ile hatukuwa tukiwatafuta kwa tochi. Mlinzi wa sharti hilo alikuwa Mzee Bedan, mwenyekiti wa baraza la kanisa, mtu mwema asiyejua kulegeza kamba. Waithira hakuwa na ardhi nyingine. Watoto wa kaka yangu walikula kutoka pale.

Mwaka wa hamsini na nane mvua ya njahi, ile ndefu ya masika, ilinyesha kama ina kisasi nasi, na konokono wakaja. Wenye nyumba mgongoni na wale wanaotembea uchi, wote. Kabichi uliyoiacha jioni ikiwa nzima, asubuhi ungeikuta imetobolewa kama chujio la chai. Nilimwambia atumie majivu. Akazungushia kila mche majivu ya jikoni, na kweli hawakuyavuka, mpaka mvua iliponyesha yakawa uji. Akaweka mengine. Ikanyesha tena. Akaomba maganda ya mayai kwa majirani ili ayaponde, lakini kijijini kwetu nani alikuwa akila mayai? Yakatosha miche ya pembeni tu. Mtu mwingine akamshauri chumvi. Konokono walikufa, sikatai, na mstari mzima wa kabichi ukafa nao, kwa sababu aliimwaga udongoni kama anayewapikia watu wa harusi.

Kisha akafanya lile lililonifanya nitamani kumchapa. Kwenye shamba la mzungu tulikokuwa tukichuma kahawa, maganda ya buni yalirundikwa nyuma ya kiwanda, na sote tuliamini hakuna mbolea kama ile. Waithira akabeba kiondo baada ya kiondo, akayatandaza mabichi chini ya kabichi, eti ule ukali wake utawafukuza wadudu. Yakawa godoro. Mchana konokono walilala humo kwenye ubaridi na unyevu, jioni wakaamka chakula kiko juu ya vichwa vyao. Nilipofunua nikaona hata mayai yao yamepangwa vizuri.

"Umewajengea nyumba," nikamwambia.

"Nilitaka kabichi zipate nguvu," akasema, bila hata kuona haya.

Tukayazoa yote, mimi nikinung'unika kwa kila kiondo.

Ilibaki njia moja, na niliijua. Kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba, kulikuwa na Mkamba aitwaye Kaleli, aliyepika pombe ya miwa. Nilikuwa nimeona karibu na mlango wake jinsi konokono walivyojaa kwenye karai la machicha, yale mabaki ya pombe yake, wamekunywa mpaka wakazama. Nikamweleza Waithira. Akanitazama kama niliyemwambia auze mtoto.

"Nyina wa Gathogo, mimi pombe siigusi."

"Hutaigusa. Watakunywa wao."

"Na kuibeba je? Watu wakiniona?"

"Basi usiibebe. Mzee Bedan atakuja kuhesabu mashina matupu."

Akaenda kuomba. Aliomba, na konokono wakaendelea kula bila kuomba. Siku niliyokuwa nimeshakata tamaa, akaja mlangoni na ndoo kichwani, akasema twende.

Kaleli alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama ya wokovu, leo umekuja kwangu?"

"Si yangu. Ni ya konokono."

"Hiyo ni wateja mzuri, haitaniletea vita hapa. Beba, mama. Hiyo machicha mimi humwaga tu."

Tulifukia mikebe katikati ya kabichi, midomo yake ikiwa sawa na udongo, tukatia machicha. Asubuhi kila mkebe ulikuwa umejaa maiti. Tukamwaga, tukatia tena, siku baada ya siku, mpaka kabichi zikaanza kujifunga, ngumu na nzito. Nilifurahi hadi nikasahau Alhamisi.

Nilimsihi asiseme. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo sababu nitasema."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamfuata mkutanoni nikiwa bado na matumaini ya kumvuta nguo. Akasimama, akasema kila kitu: ndoo, Kaleli, mikebe, hata kwamba ile harufu haikumchukiza alivyotarajia. Mzee Bedan akasema kilichokuzwa kwa pombe hakitapita mlango wa nyumba ya Mungu.

"Na kishamba?" Waithira akauliza.

"Sharti unalijua, mama."

Siku hiyo niliwachukia wote wawili kwa kipimo kimoja.

Jumapili ya Mavuno alijaza kiondo kabichi zake, akakitua nje ya mlango wa kanisa, akaingia akaketi nami benchi la nyuma. Mbele pale palikuwa na maharagwe, viazi vikuu vichache, na kabichi za watu wengine, zote matundu matupu. Mzee Bedan akawa anaita wajane kwa majina. Alipofika kwa Waithira sauti yake ilishuka. "Waithira hakuleta."

Mkewe, Idah, akainuka kutoka benchi la mbele. Akapita kati ya watu mpaka nje, akarudi na kile kiondo mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso, akiwa ameinama kwa uzito. Akakitua miguuni mwa mumewe.

"Ameleta," akasema.

Bedan akazitazama zile kabichi, kisha zile za matundu zilizotoka shambani kwake mwenyewe. Akasafisha koo.

"Waithira ameleta," akasema, akaita jina lililofuata.

Waithira akalia hapo hapo kwenye benchi, na mimi nikalia kwa hasira iliyokosa pa kwenda. Idah hakurudi mbele. Akajibana kando yetu, akainama sikioni mwa wifi yangu. "Huyo Kaleli anakaa laini gani?"

Waithira akajifuta uso, akamwelekeza vizuri. Kisha akaongeza, kwa sauti iliyofika mabenchi ya mbele, kwamba akienda huko, Alhamisi Idah naye lazima asimame aseme.