Kumfuata Kalikut Anayemlisha Mama

Mama aligoma kula. Ukimpelekea kijiko anafumba mdomo na kugeuza uso ukutani, na mimi, mtu mzima mwenye meza yangu ofisini Al Khuwair, hapa Maskati, nabaki na bakuli mkononi nalia. Miaka yote aliyekuwa akimpikia na kumlisha nyumbani kwetu Bausher ni mwanamke mmoja wa Kihindi, Muislamu, mtu wa kijiji cha mashamba nyuma ya Kalikut. Kiswahili kafunzwa jikoni na mama mwenyewe, mzaliwa wa Unguja, kwa hivyo anasema kama mtu wa huko, ati "nnakuja" na "hebu ngoja". Alikwenda kwao kumwoza binti yake. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, na kwenye simu ni inshallah tu. Mama akazidi kukonda. Nikaona haya sasa ni maji ya shingo, nikakata tiketi nimfuate.

Dereva aliyenichukua uwanja wa ndege alipata kufanya kazi Azaiba, kwenye duka la matairi, na Kiarabu chake ni kilekile cha mitaani kwetu. Njia nzima ananihoji habari za Maskati: yule muuza shawarma yupo bado? Ile njia ya pwani wameipanua? Mimi nataka kutazama nje, maana huko nje kulinichanganya akili. Mifenesi, mipopoo, minazi, migomba, mihogo mpaka milangoni mwa watu. Mimi nimezaliwa Maskati; shamba nalijua kwa masimulizi ya mama tu, na masimulizi yale yote nayakuta yamejipanga kando ya njia, India! Yarabi, nikajiuliza, nakwenda kwao mpishi wetu, au narudi kwetu nisikokujua? Halafu yakatokea majumba ya ghorofa, ya waridi na ya kijani, yaliyojengwa kwa pesa za kazi za Ghuba, madirisha yamefungwa na ndani hamna mtu. Nikapotea upya.

Nyumba yake ilijaa watu. Nani aliwaambia nakuja, sijui. Nikatoa halwa yangu, ikapokewa na mikono sijui ya nani. Mwenyewe akatoka jikoni mbio, tukakumbatiana, tukalia sote wawili. Nyuma ya mlango nikaliona begi lake, lile la mauamaua tulilomnunulia sisi, limefungwa zipu na limesimama. Moyo ukatulia. Huyu yuko njiani, nikasema, nimekuja bure.

Akanikalisha, akanishika mikono. "Habari za Maskati, dada? Bi Mkubwa hajambo?"

"Nzuri," nikasema. "Hajambo, alhamdulillahi."

Sasa ningejibu nini? Kwetu habari mbaya haitangulii. Hata ukiwa umetoka kuzika, ukiulizwa habari unajibu nzuri. Mwenzio anakaa, anakunywa kahawa yake, kisha anauliza mara ya pili: ehe, na zaidi? Hapo ndipo unapoisema ya kweli. Mama katulea hivyo, na huyu naye kalelewa hivyohivyo jikoni mwa mama. Kamsikia mara ngapi akisema "nzuri tu" kwenye simu na homa imempanda! Basi nikangoja aulize ya pili.

Hakuuliza. Aliwageukia watu wake, akasema neno kwa lugha yao, na nyumba nzima ikalipuka. Wanawake wanacheka, wanafuta machozi, mmoja anambusu kichwani. Nikamtazama dereva, aliyekuwa kasimama barazani, akanitafsiria.

"Aliwaambia kwamba mama wa Maskati akiwa taabani, atarudi kwake. Sasa wewe umesema hajambo, basi hasafiri tena. Wanamshukuru Mungu, wanakushukuru na wewe."

Nikafungua mdomo niseme la, ngojeni! Bibi kizee mmoja, mama yake mzazi, alidhani nimefungua ili nilishwe. Akanitia tonge la muhogo na samaki kwa mkono wake mwenyewe. Nazi, binzari, pilipili: muhogo wa mama, wallahi, uleule. Nilipomaliza kutafuna, yule binti aliyeozwa keshalibeba begi kwenda nalo ndani. Ningesema nini mbele ya furaha ile? Kwamba nimesema uongo? Haukuwa uongo, ilikuwa adabu. Nikanywa chai. Wakanijazia, nikanywa tena.

Alinisindikiza mpaka garini. Nilipokwisha kukaa, akainama dirishani akanisemeza harakaharaka, macho yake chini.

"Muhogo uupike mpaka ulegee, dada. Na kijiko kiweke mbali. Umege kwa mkono, umlishe kwa mkono."

Gari likaondoka. Mtu aliye hajambo haagiziwi namna ya kulishwa. Kumbe alijua? Alijua tangu niliposema nzuri, akaipokea kwa kuwa ndiyo aliyoitaka? Au yalikuwa mazoea tu ya mpishi, hawezi kuagana bila kuagiza? Dereva ananisimulia matairi, na mimi nalizungusha hilo kichwani. Namkasirikia, kisha namwonea haya, kisha namkasirikia tena.

Nyumbani nilimkuta mama kaegemezwa mito, kiyoyozi kinavuma, chakula cha mchana, muhogo na samaki, hakijaguswa.

"Habari za huko?" akaniuliza. Akili imemchoka, lakini adabu haijamtoka.

"Nzuri, mama."

Akajiweka sawa mitoni. "Ehe," akasema. "Na zaidi?"

Nilibubujikwa na machozi hapo hapo. Nikamshika mkono. "Hatorudi, mama. Nilimfikia mpaka kwao, lakini hatorudi."

Akaniangalia kwa huruma, kama anayempa pole mtu wa njiani. "Nani?" akauliza.

Nikaweka kijiko kando. Nikamega muhogo kwa mkono, kama nilivyoagizwa, nikampelekea. Akaunusa, akafumba mdomo, akageukia ukutani.