Umechemsha, Kaoshe Vyombo

Maneno matatu yalitokea kwenye kompyuta ya kazini.

"Umechemsha. Kaoshe vyombo."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka.

Maneno hayo niliyaandika mimi, sebuleni kwangu, kwa ajili ya wanangu. Nilivyojua, hayakuwahi kuvuka mlango wa nyumba yangu.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni mpakiaji wa vifurushi kwenye ghala. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa mashine zilizotupwa na maofisi, nikazifungua, nikaziua, nikazifufua. Mifuko yangu haikosi waya, ndiyo maana kazini naitwa Nyaya. Hata mke wangu nikimuudhi, ubaba na umume vinakufa, nabaki Nyaya.

Na nina ugonjwa mmoja. Sisahau.

Nakumbuka walipotuletea mashine ya kuweka kidole gumba, wakasema ni ya kurahisisha mahudhurio. Nakumbuka walioachishwa kwa kukaa sana chooni. Nakumbuka kamera zilizokuja "kwa usalama wenu". Kila mara nilipiga kelele, na kila mara niliambiwa nina gubu.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti.

Jumapili mchana naunganisha kompyuta na runinga, tunacheza mchezo nilioutengeneza mwenyewe. Tuko wanne: mimi, mke wangu, binti yetu mkubwa na kitinda mimba wetu. Kila mtu anatunga maswali juu yetu wenyewe. Nani anakoroma? Nani analamba sukari akidhani haonekani?

Unachagua jina kwa siri; langu waliliandika Nyaya. Kila kura inatokea kama kidoti pembeni ya jina.

Na jibu sahihi? Hapo ndipo palikuwa na utundu wangu. Jina lenye vidoti vingi ndilo sahihi, liwe kweli, lisiwe kweli. Ukienda kinyume na wengi, runinga inakupa lako: umechemsha, kaoshe vyombo.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa turudi ghalani.

Meneja alituletea kitu cha "kuchangamsha kundi". Kila asubuhi, swali moja kwenye kompyuta ya mlangoni. Weka jina unaloitwa na wenzako, jibu, cheka, ingia kazini.

Swali la siku ile: "Nani kwenu anachoka mapema?"

Nikaandika Nyaya. Nikajichagua mwenyewe kwa utani. Ndipo nikaambiwa nimechemsha.

Jibu sahihi lilikuwa Koleo.

Koleo ni mzee wetu. Mikono yake ikishika mzigo haiachii. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mnanionea wivu tu," alisema. "Njooni tushindane kwenye ngazi, tuone nani atamwita mama yake."

Mchana aliitwa ofisini. Alirudi kuchukua koti lake.

"Wamesema nikapumzike," aliniambia. "Nyaya, nani amewaambia nimechoka?"

 Tuliwaambia sisi, tukicheka.

Jumapili ilinikuta nimefura. Nilishaamua kuwa kuna mtu kauiba mchezo wangu. Nikamkamata shemeji, kaka wa mke wangu, anayeuza simu na kushinda kwetu kwa ajili ya intaneti ya bure.

"Wewe na flashi zako. Mchezo wangu umemuuzia nani?"

"Shemeji, mimi hata kuchapisha karatasi naomba msaada. Niuze nini?"

"Mtu asiyejua kitu hatembei na rundo la flashi."

"Ni za muziki, shemeji. Zisikilize upate aibu."

"Mwache kaka yangu," mke wangu akadakia. "Wewe sukari ikiisha utasema meneja wako kaingia jikoni."

Hapo ndipo nikamwona binti yangu mkubwa. Huyu nilimfundisha kompyuta mwenyewe, na sasa ameajiriwa na kampuni ya kutengeneza programu. Alikuwa anakwangua kucha, haangalii mtu.

"Baba, ni mimi."

Sote tukamgeukia.

"Kwenye usaili waliniambia niwaonyeshe kazi yoyote. Nikawaonyesha mchezo wetu. Wakaomba nakala, nikawapa. Si wewe uliyenifundisha kwamba nikiandika kitu kizuri nisikifungie?"

Nilimfundisha. Nimehubiri hilo tangu hajaota meno ya pili.

"Nilidhani watachekesha watu tu," aliendelea. "Wiki hii ndiyo nimejua wanawauzia mameneja, hata wa kwenu. Anayepata vidoti vingi, jina lake linakwenda kwa meneja wake. Wakitaka kupunguza watu, wanaanzia hapo."

"Na kesho tunaulizwa nini?"

Alimtazama mama yake kabla ya kunijibu.

"Nani huwasha moto watu wakiwa wametulia?"

Mke wangu akaweka kikombe chini.

"Hilo swali langu," alisema taratibu. "Nililitunga mimi, nikutanie."

Nililikumbuka. Niliosha vyombo vyote siku ile, wao wanacheka sebuleni.

Asubuhi yake niliwawahi wenzangu nje ya geti. Niliwaeleza kila kitu, hata la binti yangu.

"Kila mtu ajichague mwenyewe," niliwaambia. "Kila jina litakuwa na kidoti kimoja. Hakuna atakayezidi, hakuna atakayeitwa."

"Na mmoja wetu akigeuka?" aliuliza Dada Gundi, mfungaji wa maboksi.

"Akigeuka, mimi ndiye nitakayekwenda."

"Basi umejiuza kwa bei ya jumla," alisema, akanyoosha mkono juu. Wengine wakanyoosha. Hata dereva wa toroli, ambaye hajawahi kukubaliana nami hata juu ya mvua.

Tukaingia mmoja mmoja. Kila mtu akabonyeza, akasogea pembeni.

Majibu yakatoka.

Nyaya: vidoti vinne.

 Kimoja kilikuwa changu. Vitatu je?

Niliwageukia. Watu niliowapigia kelele miaka yote, niliowapa sauti yangu mpaka ikakauka.

"Watatu," nilisema. "Watatu kati yenu mlinyanyua mikono mkinitazama usoni."

Dereva wa toroli aliangalia viatu vyake. Moyoni nilishamhukumu. Nilikuwa tayari kukumbuka viatu vile mpaka nife.

"Nyaya, acha kututolea macho," alisema Dada Gundi. Aliweka kidole kwenye kioo. "Mimi hapa, kimoja. Toroli, kimoja. Huyu kimoja, huyu kimoja. Kila mtu ana chake. Nani basi amekupigia wewe?"

Nikatazama tena. Alisema kweli. Hakuna aliyegeuka.

Vidoti vilikuwa vingi kuliko watu.

Ndipo nikaelewa vilikotoka. Nakala aliyoitoa binti yangu iliondoka nyumbani na kura zetu ndani yake. Swali lilikuwa lile lile. Jina lilikuwa lile lile, Nyaya. Mke wangu, binti yangu, kitinda mimba wangu. Vicheko vya Jumapili moja sebuleni, vikanisubiri kazini.

Nilijisifu kwamba sisahau. Nilikuwa nimetengeneza kitu kinachokumbuka kuliko mimi.

"Nyaya," meneja aliita kutoka mlango wa ofisi. "Njoo. Chukua na koti lako."

Dada Gundi alivuta boksi akakaa juu yake. Toroli akakaa sakafuni. Wote wakakaa, hakuna aliyegusa kifurushi mpaka nilipotoka na koti begani. Haikubadilisha kitu siku ile. Lakini mimi nimeliweka moyoni.

Binti yangu aliacha kazi. Kabla hajatoka alijaribu kuzifuta zile kura.

"Nimefuta nakala ya kwetu kazini, Baba," aliniambia. "Ila mchezo umeshauzwa na kura zake ndani. Sijui uko kwenye milango mingapi."

Juzi nilikwenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha maturubai. Mapokezi palikuwa na kompyuta. "Weka jina unaloitwa na wenzako."

Nilisimama, vidole viko hewani.

"Usiogope, mzee," alisema binti wa mapokezi akitabasamu. "Ni mchezo tu."

Nikageuka nikaondoka.

Wewe unayesoma hapa, sikiliza. Ile mashine haikumjua Koleo. Haikujua kama anachoka au hachoki. Tulimtaja sisi. Anayeshika mshahara wa mwenzako akikuuliza habari za mwenzako, hata kama anauliza kwa utani, ujue kuna mahali jibu lako linawekwa. Jitaje mwenyewe, au nyamaza.

Jumapili bado tunakaa sebuleni. Tunacheza karata. Anayeshindwa anaosha vyombo, na tukiinuka, mezani hapabaki kitu.