Nusu ya Mstari Niliyomwachia Baba

Ninaikumbuka vizuri Jumapili ile ya landi, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi tangu juzi uliponiletea mashairi yako niyasome. Niliyasoma yote. Mengine ni mazuri, na sikusifu bure, unanijua. Lakini mistari umeikata kama mtu anayekata sukumawiki huku sufuria inaungua, popote kisu kilipoangukia. Nilipokuuliza kwa nini umekata hapa na si pale, ulicheka ukasema, "Ai, kukhu, siku hizi ni hivyo tu." Basi weka simu chini, ukae, mimi nyanya yako nikueleze.

Miaka ya hamsini tulikaa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli tulizoziita landi. Tulikuwa na chumba kimoja, jiko lilikuwa nje, na masizi ya karakana yalitua juu ya kila nguo uliyoanika. Baba yangu alikuwa fayaman, yule wa kutia makaa kwenye moto wa gari moshi. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaniachia wadogo wawili na baba asiyesema. Hakuwa mkali hata kidogo. Alirudi kazini, akaketi, akaangalia mlango kana kwamba kuna mtu amechelewa kurudi, na sahani yake ikapoa mbele yake.

Wakati huo mwalimu wangu alikuwa amenipatia nafasi katika chuo cha ualimu, kule magharibi. Jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha. Nilimwambia baba, akasema, "Tutaona." Nikangoja, nikamwambia tena. "Nasimiyu, si nimesema tutaona?" Shangazi yangu wa Rongai alikuwa ameshasema atakuja kukaa na wadogo, kwa hiyo sikuelewa kinachomzuia. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na nakwambia hiyo ni kazi ngumu kwa msichana. Mwezi ulikuwa unakwisha, na bila neno lake singeenda popote.

Sasa, kulikuwa na desturi pale landi. Mtu akistaafu, majirani walikusanyika mchana baada ya kanisa, kwa ruhusa ya serikali, kwa sababu miaka ile ya Hali ya Hatari mkutano wowote ulitiliwa shaka. Watu wa kila kabila walikuwepo, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Mtu akisimama na shairi, kila ubeti aliufunga kwa mstari uleule. Alisema nusu ya kwanza, akanyamaza, na nusu ya pili ikajibiwa na waliosikiliza. Akisema, "Nenda salama mzee," landi nzima inaitika, "Nyumbani wanakungoja!" Na jambo ambalo huwezi kumwambia mzazi wako uso kwa uso, ukilisema kwa shairi siku ile hakuna aliyekuita mtovu wa adabu. Mzee mmoja wa karakana alikuwa anastaafu. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu.

Nilitunga beti nyingi, nikazipeleka mtaa wa Bondeni kwa Bi Zuhura, mama wa Kiswahili aliyesifika kwa kutunga mashairi ya arusi. Nilimsomea kwa majivuno:

Baba nataka kusoma, niwe mwalimu kamili,
Nipate maisha mema, nikutunze kila hali.

Nikaendelea hivyo mpaka pumzi ikaniishia. Yeye alikuwa anasukuma mahamri, na hakuacha kusukuma.

"Vina viko. Mizani iko," akasema. "Na babako yuko wapi?"

"Si ndiye ninayemwambia?"

"Wamwambia, ndiyo. Lakini kila pahali umejaa wewe. Mstari wote wewe, hata mwisho wa mstari wajibu wewe. Yeye atasimama wapi humu ndani?" Kisha akauliza polepole, "Na mamako?"

Nikasema sikumtia mama, kwa sababu baba angelia.

"Basi hujatunga bado, mwanangu. Umeomba ruhusa tu."

Yalinichoma maneno yale. Nilitaka kuondoka, ila mahamri yalikuwa yameanza kunukia, na nilikuwa msichana mwenye njaa. Nikakaa. Akaniambia nimweleze baba jinsi alivyo anapotoka kazini, nisimweleze ninachotaka. Nikasema hili na lile, nikafika mahali pa kusema, "Ugali kama wa mama, nakuwekea mezani."

"Geuza," akasema Bi Zuhura. "Neno unalolimalizia ndilo linalobaki sikioni. Wataka babako aende kulala akiwaza meza?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Lakini nilipogeuza nusu mbili zile, nikasoma tena, kicheko kilikatika chenyewe. Mama alikuwa amekuja mwisho wa mstari, na baada yake hakukuwa na kitu, kimya tu. Bi Zuhura akaona, akanipa hamri la pili.

Alinifundisha mengi alasiri ile. Kwamba kina kinalifanya sikio lingoje, na sikio linalongoja linasikia zaidi. Kwamba neno fupi likikatwa na pumzi linaweza kuwa zito kuliko mistari miwili ya maelezo. Ila tulipofika kwenye mstari wa kurudiwa, nilikwama. Kila nusu ya pili niliyoitunga ilimlazimisha baba. Akanitazama. "Mbona unamtungia jibu lake?" akaniuliza.

Basi Jumapili ikafika. Mzee wa karakana akaagwa vizuri, watu wakaitika, chai ikapita. Nikasimama, baba akiwa kwenye benchi la mbele na kofia yake mapajani. Nikasema:

Baba watoka kazini, makaa yamekuchoma,
Nakuwekea mezani, ugali kama wa mama,
Watazama mlangoni, huli, umeketi wima,
Nimesimama njiani,

Nikanyamaza hapo. Watu wakavuta pumzi waitike, wakakuta hawana cha kuitika. Jirani mmoja akaninong'oneza, "Malizia, umesahau!" Sikusahau. Nikaanza ubeti wa pili, wa wadogo na shangazi, nikafika, "Nimesimama njiani," nikanyamaza tena. Safari hii hakuna aliyeninong'oneza, maana walikuwa wameanza kumwangalia baba. Yeye aliangalia kofia yake. Mwanangu, kimya kile kilinitesa. Midomo yangu ilitaka kukijaza, hata kwa upuuzi. Nilimwona Bi Zuhura, aliyekuja kunisikiliza, kule nyuma akitikisa kichwa kuniambia nisithubutu.

Ubeti wa tatu ulikuwa wa mama peke yake. Nilipofika, "Nimesimama njiani," sauti yangu ilikuwa karibu kwisha. Nikangoja. Baba akainuka. Akasema, si kwa nguvu, "Nenda, mama."

Mama, unajua, ndivyo alivyozoea kuniita nikiwa mdogo, kama baba wengi kwetu wanavyowaita binti zao. Hakuwa ameniita hivyo tangu mazishi. Nililia mbele ya landi nzima bila aibu, na baba naye akalia, na jirani yule wa kuninong'oneza akalia kuliko sote wawili.

Bi Zuhura alinishika mkono tulipokuwa tunakusanya vikombe. "Mizani imempungukia nne," akasema. "Usije ukaijaliza."

Jioni ile baba alikula. Alikula akamaliza, akaomba mboga tena, akaanza kuniuliza chuo kina baridi kama Molo ama nafuu. Hapo ndipo nilipoelewa kilichomzuia. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema kwamba nyumba ilikuwa inazidi kuwa tupu, na mimi nilikuwa nimempa sababu nzuri nyingi badala yake.

Nilifundisha shule kwa maisha yangu yote ya kazi, na watoto walionipitia wote waliambiwa hivi ninavyokwambia wewe. Kata mstari wako, kata unavyotaka, sina ugomvi na mashairi yenu yasiyo na vina. Lakini kabla hujakata, usome kwa sauti, ujue neno gani unamwachia mtu mkononi. Rudia neno pale tu unapotaka lirudi na uzito. Usieleze ulichokwisha kuonyesha. Na mahali fulani katika shairi, hata kama ni padogo, mwachie anayekusikiliza pa kusimama. Fanya hivyo pia ukizungumza na baba yako, ambaye najua siku hizi mnapishana mlangoni bila salamu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe maneno ya kutosha na asikupe ya kuzidi. Na siku utakayosimama mbele ya mtu unayempenda, umesema nusu yako, akupe moyo wa kungoja.