Sekela Njiti na Soksi za Gwamaka

Jina la Njiti Sekela hakupewa na wazazi wake. Alipewa na Gwamaka, kiongozi wa kikundi cha ngoma ya ing'oma pale Mbugani, mwanaume aliyekuwa karibu kabisa kumposa. Siku hiyo walikuwa kwenye harusi ya watu. Gwamaka akashika kipaza sauti, akamwangalia miguu yake myembamba, akaimba: "Sekela njiti, upepo ukija shika ukuta!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Posa ikafia hapohapo, wimbo ukabaki. Watoto wa Mbugani wakaudaka, na Sekela akaacha sketi, akawa anaburuza magauni marefu hata kwenye joto la Kyela. Moyoni alibaki na neno moja tu: Gwamaka naye ataimbwa, tena miguu kwa miguu.

Sekela anauza soksi za mitumba. Akifungua belo huingiza mkono ndani ya soksi, akatanua vidole, akajua palepale: hii ya sufu, itang'ang'ania mguu; hii nailoni, ikipata jasho inateleza.

Mwaka huu kikundi cha Gwamaka kiliachana na suruali. Waliamua kuvaa kilti, zile sketi za kiume za miraba na marinda, walizoziona kwa wenzao ng'ambo ya mto Songwe. Fundi Mansuri akazishona. Goti linakaa wazi, soksi ndefu zinakunjwa chini yake, mstari mzima usawa mmoja. Soksi ikishuka, aibu yako.

Basi mchana mmoja, soko limepoa, Gwamaka akaja kibandani akigeukageuka nyuma kama mwizi.

"Ugonile, dada Sekela."

"Leo nimekuwa dada? Njiti kaenda wapi?"

"Aa, ule si utani tu! Nataka soksi nzito. Rangi ya maziwa, nyeupe sana inashika vumbi. Tena ziwe pana, ziweze kumeza kitu."

"Kumeza nini, samaki?"

Gwamaka akapandisha suruali ili ajaribu. Sekela nusura apige kelele. Shavu la mguu halikuwepo! Mfupa mtupu, mwembamba kuliko wake. Kumbe miaka yote suruali ndiyo iliyomsitiri.

"Nitajaza sponji kidogo," Gwamaka akanong'ona. "Usimwambie mtu. Nishonee na mikanda ya lastiki ya kubana chini ya goti, soksi ikunjiwe juu yake isionekane."

"Nimwambie nani mimi, kaka?"

"Ndaga fijo, asante sana, Seke!"

Alipoondoka, Hanifa, muuza vitenge wa kibanda cha pili, akasogea. "Yule si yule wa wimbo? Na umemhudumia! Shoga, una roho ya malaika."

"Ngoja siku ya mashindano ya ing'oma," Sekela akasema.

Jioni alikata lastiki ya kiuno cha bukta kuukuu, iliyokwisha nguvu. Akaivaa mwenyewe uani, pamoja na soksi. Akasimama, imeshika. Akatembea, imeshika. Akaruka na kukita miguu kama wacheza ing'oma: soksi ikashuka mpaka kifundoni. Alicheka peke yake hadi machozi. Kisha akaishona vizuri kwa uzi mwekundu, ipendeze.

Siku ya mashindano uwanja wa Ikolo ulifurika. Gwamaka alikuwa mbele, kilti inapepea, miguu imejaa kama ya beki. Vigelegele! Sekela alisimama mbele kabisa, naye siku hiyo amevaa sketi ya magotini.

Ngoma zikapamba moto, wanaume wakakita ardhi. Soksi ya kulia ikajikunja. Gwamaka akainama kuivuta, ya kushoto nayo ikaporomoka, na kipande cha sponji ya godoro kikachomoka, kikabiringika hadi miguuni kwa Sekela.

Kitoto kimoja kikapayuka, "Njiti!" Uwanja mzima ukadakia: "Gwamaka njiti, upepo ukija shika ukuta!" Hata wapiga ngoma wake wakaufuata wimbo.

Sekela akaokota sponji, akaipangusa vumbi, akamfuata katikati ya uwanja, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu kama mbele ya mkwe.

"Kaka, umeangusha mguu."

"Seke, umeniua mbele za watu."

"Nimekurudishia wimbo wako tu. Nimeubeba vya kutosha."

Akarudi zake Mbugani na sketi yake, moyo mtamu kama kokoa mbivu. Watoto walipomwona wakafungua midomo, kisha wakatazamana. Hakuna aliyeanzisha wimbo.